Mfupa wa mtoto hauungwi kwa kuchuliwa

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 7 ameanguka kutoka kwenye mchungwa, kiwiko kimevimba. Bibi yake anataka achuliwe na kufungwa vijiti vya mianzi, maana eti hospitali watamkata mkono. Tufanyeje? Mama, Kipatimu.

JIBU: Mama, mpeleke hospitali leo. Mfungie mkono kwa kanga shingoni ulivyo, msiunyooshe wala kuuchua. Imani kwamba kuchua na kukaza ndiko kunakounga mfupa inawapa watoto wengi ulemavu. Mfupa wa mtoto hujiunga wenyewe, wa mkono huchukua kama wiki 4 hadi 6. Anayepona kwa mganga ameponywa na umri wake, sifa akachukua mganga. Lakini mkono uliovunjika huendelea kuvimba kwa siku mbili tatu, na mianzi iliyokazwa haitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda, damu haifiki kwenye misuli, na misuli ikikaa saa 6 hivi bila damu huanza kufa. Baadaye vidole hujikunja kama kucha za mwewe, visinyooke tena. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza ulemavu huo mwaka 1881, akataja chanzo chake: bandeji zilizokazwa mno.

Bibi atasema hospitali ndiko wanakokata. Mkono hukatwa ukishakufa, na ukifikishwa mweusi, unanuka, daktari hana tena cha kuokoa zaidi ya uhai wa mtoto. Kuhusu gharama, msamaha wa serikali kwa watoto ni wa walio chini ya miaka 5, na wako amevuka. Hata hivyo hogo la mapema ni nafuu kuliko upasuaji wa kuchelewa. Atapigwa picha kwanza. Mfupa usiohama hufungwa hogo. Uliohama hurudishwa mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi, na wa kiwikoni mara nyingi hushikizwa kwa pini nyembamba. Anzeni hapo hapo hospitali ya misheni. Akihitaji upasuaji mkubwa, ombeni rufaa ya Lindi au ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na msipitie kwa mganga njiani.

Akishafungwa hogo, mbonyeze ukucha kisha uachie. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde 2, vidole vikiwa vya baridi au vimekufa ganzi, au akilia zaidi ukivinyoosha, mrudishe usiku huohuo. Usisubiri tarehe ya kliniki.