Betri ya Simu Imevimba

*Simu yangu ina miaka mitatu. Nikiichaji asubuhi, adhuhuri imezima, na sasa mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka. Kwa nini betri haitoki kama zamani?*
Msomaji, Morogoro

Mfuniko unaoinuka ni dalili ya betri iliyovimba kwa gesi. Simu ya namna hiyo huzimwa, haichajiwi, haibonyezwi wala kutobolewa, na hupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Ikianza kutoa moshi, watu wakae mbali.

Betri ya lithiamu huchakaa hata ikitunzwa. Baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchaji, nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake; joto huharakisha uchakavu huo. Betri haitoki kama zamani kwa sababu watengenezaji huibandika kwa gundi ili simu iwe nyembamba na isiingize maji. Hoja ya maji haijitoshelezi: Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilihimili maji, na mfuniko wake ulifunguliwa kwa ukucha.

Umoja wa Ulaya umeagiza betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji kuanzia Februari 2027, ingawa simu zisizoingiza maji zenye betri ya kudumu mizunguko 1,000 zimepewa nafuu. Simu zilizokwisha gundishwa hubaki kazi ya fundi, naye haichokonoi betri kwa bisibisi.