Nyuki Seremala wa Kisiwa cha Kangaroo

Wasomaji wetu wengi wamemwona nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti na mapau ya nyumba, hata unga wa mti ukaanguka chini. Mti si chakula chake. Autoboa ili apate chumba cha watoto wake. Jamaa zake wa Taiwan hukaa katika mianzi mikavu, na kazi yao ni nyepesi, maana mwanzi una uwazi tayari. Leo twaeleza habari za mwingine, ambaye nyumba yake imekuwa adimu.

Huyo ni wa Australia, wa rangi ya kijani ing'aayo. Wataalamu humwita Xylocopa aerata. Katika bara la Australia Kusini hakuonekana tena tangu 1906, na katika jimbo la Victoria tangu 1938. Amesalia katika milima iliyo upande wa Sydney, na katika Kisiwa cha Kangaroo.

Sababu ni nini? Maua yapo. Kinachokosekana ni mti mkavu ulio laini. Nyuki huyu hutoboa shina la banksia lililokufa, au bua la maua la mmea uitwao mti-nyasi. Na hapa pana neno la ajabu. Mti-nyasi hutoa mabua hasa baada ya moto, basi moto humjengea nyuki nyumba. Lakini mabua hayo hudumu miaka michache tu. Banksia nazo huuawa na moto, na miche yake yataka kama miaka 30 kabla ya kuwa na mashina ya kufaa. Moto ukirudi upesi, mabua yameoza na banksia hazijakua.

Mwaka 2007 moto uliteketeza sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa. Wataalamu wakatengeneza mabua ya mti laini, wakayasimamisha porini, na nyuki wakayakubali. Kisha, 2019 hata 2020, karibu nusu ya kisiwa ikaungua, na viota vingi pamoja nayo. Kazi ikaanza tena.

Je, taabu hii yote ni ya nini? Yako maua yafungayo chavua ndani, kama yale ya nyanya, yasiyoitoa mpaka yatikiswe. Nyuki seremala hulishika ua akavuma kwa nguvu, chavua ikamwagika. Nyuki wa asali, aliyeletwa kisiwani kutoka Ulaya, yuko tele, lakini kazi hiyo haiwezi.