Nyama Ni Rahisi Kuacha, Samli Ndiyo Kazi

Haya wadogo zangu, leo tunaongea ya jikoni na ya bafuni kwa mpigo. Mmoja wenu ameniandikia kwamba ameacha nyama na samaki, anauliza kama sasa ameshakuwa vegani. Mwingine analalamika kuwa mama yake anadhani kaingia dini mpya. Wa tatu anataka kujua sabuni inahusikaje na mambo ya chakula. Nawajibu wote hapa hapa.

Asiyekula nyama tu bado anakunywa chai ya maziwa na kupaka siagi kwenye mkate. Vegani yeye anaacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, dagaa, maziwa, mtindi, samli, mayai, na asali pia, maana nyuki naye amehesabiwa. Halafu anatoka jikoni, anakagua sabuni, mafuta ya midomo, viatu na mkoba. Chama cha kwanza cha watu wa mwendo huu kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, walioona kwamba kuacha nyama huku unakunywa maziwa ni kazi nusu. Chama hicho kinasema mtu aepuke kuwatumia wanyama kwa kadiri inavyowezekana. Hayo maneno ya mwisho yashikeni, tutayahitaji.

Sahani ipo tayari

Wengi mnaanza kwa kukimbilia maduka makubwa kutafuta maziwa ya lozi na soseji za mimea, mnaona bei, mnakata tamaa. Rudini sokoni. Mbaazi za nazi, maharage, kunde, choroko, dengu, njugu mawe, kisamvu cha karanga, mchicha wa nazi, wali wa nazi, mihogo, magimbi, ndizi, githeri, bajia za kunde, kashata: vyote hivi vimekuwepo kabla yangu na yako. Nyama ya soya mtaikuta madukani, na Wasabato wengi wanajua kuipika vizuri kuliko mimi.

Chai? Tui la nazi lina ladha, ila protini yake ni kidogo, kwa hiyo usidhani limeziba pengo la maziwa. Soya ndiyo inayokaribia. Loweka usiku, saga, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha vizuri huku unakoroga. Usiinywe bila kuiva.

Mitego

Chapati ya mgahawani huenda imepakwa samli. Andazi laweza kuwa na maziwa au yai. Halua mara nyingi ina samli. Mama lishe, kwa ukarimu wake, anakupakulia maharage kisha anayamwagia mchuzi wa nyama "yapate ladha", na mchicha wake una dagaa waliojificha. Chipsi zimekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kuku. Kwa hiyo uliza kabla sahani haijajaa, na uliza kwa tabasamu: "Mama, leo nipe maharage matupu, mchuzi wa nyama usitie."

Kwenye mgahawa wa Kigujarati nyama haipo, lakini samli na mtindi vipo tele, sema mapema. Kwa Wahabeshi mambo ni mepesi zaidi. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa bila nyama, maziwa wala mayai, hivyo ukiomba chakula cha mfungo utaletewa injera na dengu, shiro na kabichi, na mpishi hatakushangaa.

Vya paketi, soma nyuma. "Whey" na "casein" ni maziwa. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo imo kwenye peremende nyingi za kuvutika. E120 ni rangi nyekundu ya wadudu waliokaushwa na kusagwa. Wale mliozoea kutafuta alama ya halali mna jicho la kazi hii tayari, ila alama hiyo pekee haitoshi: jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali bado ni ng'ombe.

Usije ukaanguka

Hapa dada yenu anakuwa mkali. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Si kwenye mchicha, si kwenye uyoga, wala kwenye ule unga wa kijani unaosifiwa mitandaoni. Na ina hila yake: mwili hutunza akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo unaweza kujisikia mzima huku ghala linaisha. Baadaye ndipo zinakuja uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu. Nunua vidonge duka la dawa: maikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Mjamzito au anayenyonyesha aende kliniki na kueleza wazi anachokula, maana mtoto anategemea B12 ya mama.

Madini chuma yamo kwenye maharage, dengu na mboga za majani, lakini yanahitaji msaada. Kamulia limau, tia nyanya au ukwaju, kula chungwa. Chai ya rangi iache mpaka saa moja hivi ipite baada ya kula, maana inayazuia yasiingie mwilini. Kwa mifupa kuna uji wa ulezi, ufuta na sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu, ila mwili hauichukui kirahisi. Na chumvi iwe ile yenye madini joto, kwa kuwa samaki umewaaga.

Bafuni na kabatini

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo ama ni ya mimea ama ya mnyama. Ukisoma "sodium tallowate", hiyo ni shahamu ya ng'ombe au kondoo. "Sodium palmate" ni mawese, "sodium cocoate" ni nazi. Mafuta ya midomo yana nta ya nyuki mara nyingi, inaandikwa "cera alba", na "lanolin" ni mafuta ya sufu ya kondoo. Rangi ya midomo yenye namba CI 75470 ni wale wadudu wa E120 wamerudi kwa jina lingine. Halafu msichanganye: kopo linalosema halikujaribiwa kwa wanyama linaweza bado kuwa na asali ndani. Hayo ni maswali mawili, yaulizeni yote mawili.

Mabibi wa pwani wametuachia mengi yasiyomgusa mnyama. Hina, liwa, asmini, ubani na karafuu ni mimea. Dodoki la kuogea limeota kwenye mtambaa, mswaki ni mti, mto wa sufi umetoka kwenye msufi, kikapu ni ukindu, na katambuga ni tairi la gari. Lakini kwenye manukato fungueni macho. Zabadi hutolewa kwenye tezi za ngawa, ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, na miski ya asili ni ya paa. Siku hizi nyingi zimetengenezwa kiwandani, kwa hiyo muulize muuza udi kilichomo kabla ya kuzigomea.

"Dada, viatu vyangu vya ngozi nivitupe?" Usitupe. Vivae mpaka viishe, ukinunua vingine ndipo uchague. Sabuni iliyopo imalize. Na dawa uliyoandikiwa na daktari ikija kwenye kapsuli ya jelatini, imeze, kisha ukitaka muulize kama kuna ya kidonge kikavu. Hapa ndipo "kwa kadiri inavyowezekana" inapofanya kazi. Hakuna anayekusahihishia mtihani.

Na watu wako

Watakuambia mwacha mila ni mtumwa. Usibishane. Wapikie mbaazi za nazi na mkate wa ajemi, waache wale, halafu waulize ni mila ipi imeachwa. Mama anayedhani umeingia dini mpya anaogopa jambo moja tu, kwamba utakonda na kuugua. Muoneshe sahani yako na vile vidonge vya B12, atatulia. Na mfugaji ambaye maziwa ndiyo chakula na ada ya shule ya wanawe usimwendee na mahubiri. Uamuzi huu ni wa sahani yako.

Wiki hii fanyeni matatu: nunueni B12, lowekeni kunde kilo moja, na geuzeni sabuni ya kuogea msome nyuma yake. Na ukialikwa pilau Jumamosi, mpigie mwenyeji simu leo, umwambie utakuja na bakuli lako la kutosha watu wanne. Usingoje kulisema jambo hilo sufuria likiwa limeshatengwa mezani na nyama imechanganyika na wali.