SOMO KWA WATUMISHI WA UMMA: HUDUMA HUKATIKA HATA PASIPO WIZI

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini. Madhumuni yake ni kueleza jinsi huduma inavyoweza kusimama ilhali hapana kumbukumbu hata moja iliyoibwa.

Kanzidata ni mfano wa masjala iliyomo ndani ya kompyuta, na seva ndiyo karani wake. Karani akisongwa na barua zisizo na maana, majalada hubaki salama kabatini, lakini mwenye haja hahudumiwi. Hali hiyo ndiyo iitwayo kunyimwa huduma.

Mwezi wa Julai 2002, kampuni ya Microsoft ilitangaza kasoro tatu katika programu yake ya kanzidata, SQL Server 2000, ikatoa na kiraka cha kuziziba. Kasoro mojawapo ilihusu salamu fupi ambayo seva huijibu kwa salamu iyo hiyo. Mtu akituma salamu hiyo kwa kughushi anwani ya seva nyingine, seva hizo mbili hujibizana pasi na kikomo, na nguvu zao hupotea bure. Kasoro nyingine mbili ziliruhusu ujumbe mrefu kupita kiasi kuingiza amri za mgeni.

Tarehe 25 Januari 2003, programu haribifu iliyoitwa Slammer ilipitia kasoro ya namna hiyo ya pili. Ukubwa wake ulikuwa baiti 376 tu. Hapo mwanzo, idadi ya kompyuta zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5, hata zikafikia zisizopungua 75,000. Haikufuta kumbukumbu, ilituma nakala zake mfululizo mpaka njia za mtandao zikaziba. Nchini Marekani mashine za benki za kutolea fedha zilikwama, safari za ndege zikavurugika, na kituo cha simu za dharura karibu na Seattle kikarudia karatasi.

Kiraka kilikuwapo kwa muda wa miezi sita. Wengine walichelewa kukiweka. Wengine hawakujua kuwa wanayo programu hiyo, kwani ilikuja ndani ya programu nyingine. Kuzima na kuwasha kompyuta kuliiondoa Slammer, lakini bila ya kiraka ilirejea.

Kwa hivyo, kila ofisi yenye seva inashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kuweka orodha ya programu zote zilizomo katika kompyuta zake.

(b) Kumteua mtumishi wa kufuatilia viraka na kuviweka bila ya kuchelewa.

(c) Kufunga milango ya mtandao isiyohitajiwa na watu wa nje.

(d) Kuandaa fomu za karatasi ili mwananchi ahudumiwe kompyuta zinaposimama.

Kumbukumbu za umma ni amana. Kuitunza amana si kuifungia tu, bali pia kuhakikisha kuwa mwenyewe anaipata anapoihitaji.