Biti ya Mazoezi Si Wimbo Uliotolewa Sauti

Barua zinazouliza ni programu gani inafaa kutengenezea biti za mazoezi zimekuwa nyingi, na siwezi kujibu kila moja peke yake. Nimeziacha zinazouliza namna ya kupakua na kufungua programu. Kijana yeyote wa jirani atakuonyesha. Nimechukua zile zinazonikera kwa kurudia uvumi uleule, na moja inayonitia hofu.

Shikamoo Mwalimu. Napiga gitaa la solo na nataka kufanya mazoezi ya nyimbo za zamani za dansi. Nimeambiwa ipo programu inayotoa sauti ya mwimbaji, unabaki na biti tupu. Ni ipi iliyo bora? (Morogoro, zimekuja kama hii kutoka Tanga, Kisumu na Bukavu)

Marahaba. Wewe ni mpiga solo. Ukishamtoa mwimbaji, anayebaki kwenye rekodi ni nani? Ni mpiga solo mwenzako, tena anapiga nafasi ileile unayotaka kupiga wewe. Umemfukuza mtu ambaye hakuwa anakuzuia. Mwimbaji ndiye anayehitaji wimbo uliotolewa sauti. Mpiga chombo anahitaji wimbo usio na chombo chake, na haya ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa tuutazame huo ujanja wenyewe, maana kuna watu wanauuza kama dawa. Rekodi ya stereo ina njia mbili, kushoto na kulia. Mafundi wa studio kwa kawaida humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake iko sawasawa pande zote mbili. Programu huchukua upande mmoja, huugeuza juu chini, kisha huujumlisha na wa pili. Kilichokuwa sawa pande zote hujifuta. Audacity inafanya hivyo bure, na imekuwa ikifanya kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba besi na teke la ngoma nazo huwekwa katikati. Zinaondoka pamoja na mwimbaji, au zinaokolewa nusunusu, na wewe unabaki na muziki usio na miguu.

Kwa nyimbo za zamani hali ni mbaya zaidi. Rekodi za enzi za mwimbaji Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, kabla hajafariki mwaka 1965, ni za mono. Nyingi zilizofuata, zilizopigwa moja kwa moja bendi nzima ikiwa chumbani, ni hivyohivyo. Katika mono kushoto na kulia ni kitu kimoja. Ukitoa kimoja kutoka kwa kingine unapata sifuri, yaani ukimya. Anayekuuzia "toleo maalumu la nyimbo za zamani" la ujanja huu anakuuzia hewa.

Utaniambia siku hizi kuna akili bandia. Ni kweli. Mwaka 2019 kampuni ya Ufaransa, Deezer, ilitoa bure programu ya Spleeter, na tangu hapo zimefuata nyingi, za kompyuta na za simu. Hizi hazitegemei kushoto na kulia, zimefundishwa kutambua sauti zenyewe, kwa hiyo hata mono huzigawa. Spleeter inagawa wimbo hadi mafungu matano: sauti za watu, ngoma, besi, piano, na fungu la "vinginevyo". Dansi letu lina gitaa la solo, solo la pili na rizimu, na mara nyingi tarumbeta na saksofoni juu yake. Yote hayo yanatupwa kwenye "vinginevyo". Programu haijui solo ni lipi. Ukilizima fungu hilo ili kulitoa solo, unaizima na rizimu, ambayo ndiyo ulitaka kuiegemea. Nyingi zilizokuja baadaye zikiwa na fungu la gitaa nazo huyatia magitaa yote ndani ya fungu hilo moja.

Fanya hivi. Tumia mgawanyo huo kupata ngoma na besi tu. Kisha keti, ijue rizimu ya wimbo, uipige na kuirekodi mwenyewe juu ya ngoma na besi hizo. Ni kazi ya jioni moja, na itakufundisha rizimu, ambayo wapiga solo wengi wanaidharau hadi siku mpiga rizimu asipokuja kazini. Andaa biti mbili, ya sehemu ya kuimba na ya chemko (pale wimbo unapochangamka), kwa sababu ni mazoezi mawili tofauti.

Kati ya FL Studio, Band-in-a-Box, GarageBand na iReal Pro, ipi ni bora? (barua nyingi mno)

Hakuna bora bila kujua kazi. Programu ya mazoezi naipima kwa mambo machache tu. Je, naweza kubadili kii bila kuanza upya? Naweza kupunguza mwendo bila sauti kushuka? Naweza kurudiarudia baa nne zinazonishinda? Na je, inaihesabu midundo yangu? Uzuri wa sauti za vyombo si kipimo. Piano ya kopo inayokwenda na wakati inakufaa kuliko piano ya dhahabu usiyoweza kuipunguza mwendo.

Kwa anayejua kodi zake na anataka kuziandika na kupiga papo hapo, iReal Pro inatosha. Ipo kwenye Android, iPhone na Mac, na unailipia mara moja. Mwenye Windows aangalie ChordPulse. Toleo lake la Lite ni la bure na linatosha kwa C, F na G zinazozunguka. Band-in-a-Box ipo tangu 1990 na hakuna iliyoifikia kwa wingi wa mitindo, lakini kwa mazoezi ya nyumbani ni mzigo. GarageBand ni nzuri na ya bure, ila bila kifaa cha Apple huipati. FL Studio ni karakana ya maprodyuza. Kama kazi yako ni mazoezi ya nusu saa, utatumia nusu saa hiyo kutafuta kitufe. Na jueni kwamba toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue.

Fundi ameniuzia Band-in-a-Box kamili kwenye flashi. Ilifunguka mara moja, sasa kompyuta imekuwa nzito.

Huenda umenunua virusi. Band-in-a-Box kamili, yenye vyombo vilivyopigwa na watu, ni kubwa sana, na haiingii kwenye flashi ndogo ya gigabaiti chache. Safisha kompyuta, na flashi hiyo usiipeleke kwa mtu mwingine.

Audacity ya simu inapatikana wapi?

Haipo. Watengenezaji wa Audacity wanatoa ya Windows, Mac na Linux tu. Kwa simu chukua BandLab, ni bure.

Nataka biti ya chakacha. Kila programu ninayoijaribu inatoa mdundo wa gwaride. (Mombasa)

Kwa sababu kila programu inafunguka ikiwa kwenye 4/4, na wewe umeiachia. Chakacha inakwenda kwa 6/8, au 12/8 ukiandika baa ndefu. Badili hesabu kabla hujaweka pigo hata moja. Kwenye FL Studio safu ya mapigo huja na vijumba 16. Iweke 12, halafu vihesabu vitatuvitatu. Hydrogen, programu ya bure ya ngoma, nayo inakubali ruwaza ya 12. iReal Pro ina mtindo mmoja wa Afro wa 12/8 ulioandaliwa kwa ajili ya wapiga jazi. Utakusaidia kwa hesabu, kwa ladha hautakusaidia. Kisha weka pigo moja la kila vijumba vitatu na jingine la kila vijumba viwili, yalie pamoja. Mvutano wa hayo mawili ndio wenye chakacha. Biti isiyo nao, hata ingepambwa kwa sauti mia, hakuna atakayeichezea.

Inaniuma kwamba mitindo ya samba na bosanova inakuja tayari ndani ya programu hizi na yetu hatuikuti. Lakini ruwaza moja ya mapigo 12 ni kazi ya dakika chache. Itengeneze, ihifadhi, mgawie mwenzako.

Nasomea kupiga kanuni, Unguja. Kila biti ninayotengeneza inapingana na maqam.

Itapingana, na kosa si lako. Programu hizi zimegawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa. Hatua ya tatu ya maqam iitwayo Rast haikai kwenye mojawapo. Inakaa kati ya mbili. Ukiweka kodi chini yake, kodi itachagua upande na kukuharibia sikio. Usiweke kodi. Weka ngoma na noti moja ya chini inayovuma mfululizo, ile ya nyumbani. Ukihitaji melodia ya kufuata, MuseScore inakuruhusu kushusha noti moja moja kwa senti, senti 100 zikiwa ni nusu toni. Anza na 50, halafu mwalimu wako akurekebishe kwa sikio lake, kwa kuwa si kila maqam wala kila mji unaishusha kwa kipimo hichohicho.

Gitaa langu limetiunwa sawasawa lakini halipatani na rekodi ya zamani.

Mashine za kanda hazikuzunguka kwa kasi ileile. Kanda ikizidi kasi kwa asilimia 3 tu, wimbo mzima unapanda karibu robo toni. Rekebisha rekodi kwa Audacity. Usilitese gitaa.

Sisi ni walimu wa kwaya. Tunataka biti ya kuwafundishia wanakwaya sauti nne. (barua za Mbeya, Bukoba, Eldoret na kwingineko)

Hamhitaji biti. Mnahitaji MuseScore, nayo ni ya bure, ya kompyuta. Andika sauti nne, kila moja kwenye mstari wake. Fungua kichanganyio, ipandishe sauti ya pili na kuzishusha nyingine tatu, toa MP3. Rudia kwa kila sauti. MP3 ya kawaida ni kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unakwenda kwa WhatsApp bila kummalizia mtu bando. Msitume WAV, hiyo ni kama megabaiti kumi kwa dakika. Wala msipakue yale mafurushi makubwa ya sauti za okestra. Tena sauti nyingine msizizime kabisa. Mwimbaji wa alto aliyejifunza bila kuisikia soprano atapotea siku ya ibada.

Spika ya Bluetooth inachelewesha biti. Ndiyo sababu napiga nje ya mdundo?

Hapana. Biti nzima inachelewa, nawe unaifuata unavyoisikia. Ucheleweshaji unadhuru unapojirekodi, au unapopiga kinanda kilicho ndani ya simu yenyewe. Hapo tumia waya.

Shikamoo. Mwanangu anapiga vizuri sana na biti chumbani, ila kwenye bendi ya kanisa anapotea. Nibadilishe programu?

Marahaba mama. Barua hii ndiyo iliyonitia hofu, maana watoto wa namna hii wanaongezeka. Biti haimsubiri mtu, haimsikilizi, na haikosei. Mtoto aliyezoea kubebwa nayo hajawahi kuubeba mdundo mwenyewe. Programu ni hiyohiyo, badilisheni biti. Mwambie azime ngoma baa nne katika kila baa nane, aendelee kupiga peke yake kwenye ukimya, aone anaangukia wapi ngoma zinaporudi. Mwanzoni atawahi. Baadaye aongeze ukimya hadi baa nane. Besi pia aitoe siku moja moja.

Na angalau mara moja kwa wiki zima simu, umtafutie mtoto mwenzake wa kupiga naye, hata kama huyo mwenzake anajua kodi mbili tu.