Majina ya Magonjwa ya Ngozi katika Kiswahili na Utambuzi wa Magonjwa Hayo Zahanatini

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya majina ya magonjwa ya ngozi katika Kiswahili na utambuzi wa magonjwa hayo zahanatini. Hoja inayotetewa ni kwamba mengi ya majina hayo huainisha kwa sura na hisia, ilhali tiba ya kisasa huainisha kwa chanzo. Tofauti hiyo, ambayo mtunga istilahi huweza kuiona ndogo, mara nyingi ndiyo inayoamua dawa atakayopewa mgonjwa.

Katika matumizi ya kitabibu, neno upele limefungwa kwenye ugonjwa mmoja unaoletwa na utitiri wachimbao tabaka ya juu ya ngozi. Mzungumzaji wa kawaida hana mpaka huo. Kwake upele ni chochote kilichotutumka na kuwasha. Hata methali isemayo kwamba upele hupewa asiye na kucha imejengwa juu ya muwasho. Kwa hiyo mama asemapo kuwa mwanawe ana upele, ametoa maelezo, hajataja ugonjwa. Tabibu hana budi kuuliza iwapo muwasho huzidi usiku, kutazama katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kudadisi ni nani mwingine nyumbani anayejikuna. Ugonjwa ukithibitika, dawa kama vile benzili benzoeti ya asilimia 25 hupakwa mwilini kuanzia shingoni kwenda chini, na watu wote wa nyumba hutibiwa pamoja, wakiwemo wasiowashwa. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna.

Choa na mapunye huonyesha tatizo kwa namna nyingine. Yote mawili husababishwa na kuvu, lakini lugha imeyatenga kwa mahali yanapotokea, na safari hii lugha ina haki: choa cha mwilini hutibika kwa dawa ya kupaka, bali mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa kuwa dawa ya kupaka haifiki kwenye shina la unywele. Hatari hutokea pale mgonjwa aendapo dukani kuomba "dawa ya muwasho" akauziwa krimu yenye steroidi. Muwasho hutulia, kingo za duara hufifia, na kuvu huendelea kuenea chini ya utulivu huo. Afikapo zahanati, alama iliyolipa choa sura yake imekwisha kupotea, na tabibu asiyeuliza juu ya krimu huenda akaandika krimu ile ile.

Tafsiri nazo zina lawama yake. Vitabu vilivyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe hutaja "wekundu" kuwa dalili ya uvimbe, na mfasiri huuhamisha wekundu huo kama ulivyo, ingawa kwenye ngozi nyeusi dalili hiyo aghalabu huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau.

Ukoma ndio mtihani mkubwa zaidi. Jina hili huleta picha ya vidole vilivyoharibika, yaani madhara ya baadaye, ilhali mara nyingi ugonjwa huanza kwa baka lililopauka ambalo haliwashi wala haliumi. Msamiati wa malalamiko ya ngozi umejaa kuwasha, kuchoma na kuuma. Mgonjwa asiyehisi lolote hana neno la kumpeleka zahanati, na akienda huliita baka hilo choa. Swali la mazoea, "Panawasha?", hujibiwa "Hapana", na mazungumzo hukomea hapo. Matibabu ya dawa mseto yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huponya ukoma, siku hizi kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, lakini hayarudishi neva iliyokwisha kufa. Kwa sababu hiyo fasili ya ukoma katika kamusi na vijitabu vya afya ingefaa ianze na baka lenye ganzi, kabla ya kutaja vidole. Tabibu naye humwomba mgonjwa afumbe macho, humgusa kwa ncha ya pamba ndani na nje ya baka, na kumtaka aonyeshe kwa kidole kila mahali alipoguswa.