SOMO LA WIKI: Nakala ya mbali ipo, lakini imechelewa dakika ngapi?

Wiki hii tunaziacha bei za hisa kidogo, tuangalie mahali hisa zenyewe zinapotunzwa. Siku hizi umiliki wa hisa ni ingizo katika daftari la kompyuta, kama lilivyo salio lako benki. Ndiyo maana masoko na mabenki huweka mtambo wa pili wa kumbukumbu, mbali na wa kwanza, ili moto au mafuriko yakikumba mmoja, mwingine uendelee na kazi.

Kunakili huko hufanyika kwa njia mbili. Katika ya kwanza, kituo kikuu hakithibitishi muamala hadi kituo cha mbali kijibu kwamba nacho kimeandika. Hakuna kinachopotea, ila umbali una gharama yake. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi hukata kilomita 200 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 kati ya vituo huongeza milisekunde moja, kwenda na kurudi, kwa kila ingizo. Njia ya pili ni kuthibitisha kwanza na kupeleka nakala baadaye. Hapo ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kuwa macho.

Tuchukue mfano. Kituo kikuu kinaandika megabiti 50 kwa sekunde, na laini ya mawasiliano inabeba 40. Kila sekunde, megabiti 10 zinabaki kwenye foleni. Baada ya saa moja foleni imefika megabiti 36,000, ambazo laini hiyo itahitaji dakika 15 kuzisafirisha. Kituo kikuu kikiungua wakati huo, mauzo ya dakika 12 za mwisho hayapo popote. Wewe umeshapewa jibu kwamba umeuza.

Foleni ikijaa kabisa, mitambo mingi husimamisha kunakili na kuweka alama tu kwenye sehemu zilizobadilika. Kituo kikuu huendelea kama kawaida, wateja hawaoni tofauti, na taa ya onyo huwaka kwenye chumba ambacho pengine hakuna mtu. (Wahasibu watakumbuka karani anayejaza jarida kila siku lakini hahamishii leja.) Laini ikirudi, sehemu zilizowekewa alama hutumwa bila kufuata mpangilio wa matukio, na hadi zoezi likamilike nakala ya mbali si ya jana wala si ya leo. Fundi makini hupiga picha ya nakala ya zamani kabla ya kuanza zoezi hilo.

Aidha, nakala hii haizuii makosa. Karani akifuta akaunti kimakosa, kituo cha mbali nacho kitaifuta kwa utiifu.

Hata mitambo miwili iliyo pamoja yaweza kushindwa kupokezana. Tarehe 1 Oktoba 2020, kifaa kimoja cha diski katika Soko la Hisa la Tokyo kiliharibika kabla ya soko kufunguliwa. Cha pili kilipaswa kushika kazi papo hapo. Hakikufanya hivyo, kwa kuwa mpangilio wake haukuwekwa sawasawa na majaribio hayakuwa yameubaini. Kuwasha upya kungefuta oda zilizokwisha kupokelewa na kuwavuruga madalali, hivyo soko lilifungwa siku nzima. Rais wake, Koichiro Miyahara, alijiuzulu mwishoni mwa Novemba.

Kwa maoni yetu, mwekezaji anayesoma taarifa ya mwaka ya benki asiridhike na sentensi kwamba "kituo cha dharura kipo". Kwenye mkutano mkuu aulize: nakala huchelewa kwa muda gani saa ya shughuli nyingi? Ikisimama, nani anapigiwa simu usiku? Na ni lini mara ya mwisho kazi yote ilihamishiwa kituo cha pili, ikaendeshwa huko siku nzima? Wakati akisubiri majibu, hati za dalali azitunze hadi mauzo yake yaonekane kwenye taarifa ya akaunti.